Jina Nililoipa Folda

Kazi yangu hapa Juba ni kutengeneza tovuti, na nyingi kati ya hizo hazijawahi kufika kwenye mtandao. Nikisema hivyo watu hucheka, lakini ni kweli. Mtandao wetu ni wa kubahatisha, bando ni ghali, na mteja wangu kwa kawaida hana haja ya kuonekana na dunia nzima. Anataka kuonekana na mtu mmoja tu: afisa wa shirika fulani, askofu, au mnunuzi aliyejifungia kwenye chumba chenye kiyoyozi. Kwa hiyo mimi huchapisha hapahapa. Ile programu ninayotumia, ukibonyeza kitufe cha kuchapisha, hukuuliza tovuti iende wapi, kwenye mtandao au kwenye folda ya kompyuta yako. Mimi huchagua folda. Baada ya hapo tovuti hufunguka kwenye laptopu yangu kama iliyo hewani, kurasa zote na picha zote, na mteja akitaka, namnakilia kwenye flashi aende nayo.

Shida ya kuchapisha hapahapa ni fujo. Mwanzoni nilikuwa natupa kila kitu kwenye folda moja, nikiamini kichwa changu kitakumbuka. Sasa, kila tovuti ina ukurasa wake wa kwanza, na faili ya ukurasa huo hupewa jina lilelile katika tovuti zote, kwa hiyo ukichapisha ya pili ndani ya folda ya kwanza, mpya inaifuta ya zamani bila hata kubisha hodi. Kuna siku nilimfungulia mchungaji mmoja tovuti ya kanisa lake, wazee wa kanisa wamekaa nyuma yake, ikatokea duka la vipuri vya pikipiki. Ukibonyeza Ibada ilikuja ibada, lakini mlangoni palikuwa na tairi. Mchungaji aliniangalia kana kwamba nimefanya makusudi. Tangu siku hiyo nikajiwekea sheria kwamba kila tovuti itakuwa na folda yake, na kila folda itakuwa na jina nisiloweza kulichanganya na lingine.

Hapo kwenye majina ndipo nilipojiharibia. Vikundi vya Juba vina majina yanayofanana mno. Hiki ni cha wanawake kwa amani na maendeleo, kile ni cha maendeleo na amani kwa wanawake, na ukifupisha unabaki na herufi zilezile zilizobadilishana viti. Nikaona njia rahisi ni kuita kila folda kwa mwenyewe, yaani kwa kile ambacho mwenyewe amenichosha nacho au amenichekesha nacho. Yule mzee aliyebadilisha rangi ya tovuti kila alipoamka akawa kinyonga. Dada wa saluni aliyekuwa akikata simu kila nikianza kuongea akawa subirakidogo. Mfanyabiashara wa saruji akawa kitambi, na sihitaji kueleza. Nikifungua kompyuta asubuhi na kuona majina hayo yamepangwa, nilikuwa natabasamu peke yangu.

Nilikuwa nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiswahili ndicho kilikuwa maficho yangu. Nilikulia Kenya, nikasomea huko, na katika shule yetu mimi mtoto wa wakimbizi ndiye niliyekuwa nawashinda wenyeji katika insha. Jambo hilo lilinipa kichwa kikubwa ambacho hakijapungua. Nilipoletwa nyumbani Juba nikakuta watu wanaongea Kiarabu chao cha hapa, na waliorudi kutoka Uganda wana Kiswahili chao cha mimi iko na wewe iko, ambacho nilizoea kukiigiza jioni mpaka marafiki zangu wavunjike mbavu. Nilijua kwamba neno zito kidogo la Kiswahili likikaa kwenye kompyuta yangu, wateja wengi watalipita tu. Nilijiona mjanja.

Na ukishachapisha, jina la folda hubadilishi kiholela. Programu inakumbuka njia uliyoipa. Ukilibadilisha jina, siku ya kusahihisha kosa dogo programu itakuundia folda nyingine yenye lile jina la kwanza, na wewe utabaki na nakala mbili zinazofanana, hujui ipi mpya, ipi ya zamani. Kwa hiyo majina yalikaa kama yalivyozaliwa.

Mama ninayemwandika hapa alikuja kabla ya mvua kuanza. Chumba changu kiko nyuma ya duka la simu, soko la Jebel, na ili ufike inabidi ujikunje kupita kati ya makasha. Alipita, akakaa, akavuta pumzi, akaanza kunisalimu. Salamu ilichukua muda. Alikuwa na kigugumizi cha kweli, sio kile cha mtu mwenye wasiwasi. Neno lilikuwa linamshika kooni, macho yake yanafumba, mkono wake unapiga goti taratibu mpaka neno litoke. Mimi, badala ya kusubiri, nikawa namalizia. Akisema "ki," nasema "kikundi." Akisema "nya," nasema "nyanya." Nilidhani namsaidia. Aliniacha nimalizie, na mara nyingine nilimalizia vibaya, naye hakunisahihisha.

Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaolima kando ya mto kule Rejaf. Wanalima nyanya, bamia, na mboga za majani kama kudura na jirjir, na bidhaa zao walikuwa wanazipeleka soko la Custom, ambako malori ya Uganda yakishaingia bei inaanguka na nyanya zao zinaoza kwenye magunia. Kulikuwa na hoteli moja mjini ambayo ilikuwa inanunua mboga kila wiki. Walikuwa wamekwenda huko mara moja, yeye mbele kama mwenyekiti, na yule aliyewapokea mapokezi alimsikiliza kidogo kisha akamwambia aje siku nyingine na mtu anayeweza kusema. Hayo ndiyo maneno aliyoambiwa. Baadaye walipewa nafasi nyingine, kwa mkuu wa manunuzi mwenyewe, na hakutaka kuipoteza.

"Mimi nataka hii k-komputa iseme," aliniambia. "Mimi iko nakaa tu. Hii iseme yote."

"Itasema, Mama."

"Iseme ba-baraba."

"Barabara kabisa," nikamalizia.

Nilimfanyia kazi nzuri, na nasema hivyo si kwa kujitetea. Nilipanda boda mpaka Rejaf, nikatembea kwenye matuta, nikapiga picha za wanawake wakimwagilia kwa makopo, za mto nyuma yao, za nyanya zikiwa bado na umande. Nikaweka ukurasa wa mboga, ukurasa wa misimu, ukurasa wa kikundi wenye picha yake katikati akiwa amevaa kitenge cha kijani. Walinipa mahindi ya kuchoma, wakanifungia na jirjir nirudi nayo. Jioni nikakaa kwenye kompyuta kuchapisha, programu ikaniuliza jina la folda, nami nikaandika kigugumizi. Vidole viliandika vyenyewe. Sikuwa na chuki naye hata kidogo, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote, kwamba nilikuwa nampenda yule mama, na bado neno la kwanza lililonijia juu yake lilikuwa hilo.

Siku ya miadi tulikutana langoni mwa hoteli. Alikuja na wenzake watatu, wote wamevaa vitenge vya sare, na kikapu cha mboga cha kuonyesha. Tulipelekwa kwenye chumba cha mikutano. Mkuu wa manunuzi alikuwa mama wa makamo, Mkenya, mwenye miwani iliyoshikwa na kamba shingoni. Mama alimsalimia kwa kumpa mkono, na salamu ikamkwama kama kawaida. Yule Mkenya alisubiri mpaka ikaisha, kisha akaitikia. Nilimpenda hapohapo.

Kwa desturi yangu nafungua tovuti ikiwa imejaza skrini nzima, hivyo kinachoonekana ni kurasa tu. Lakini projekta ya hoteli ilikuwa inakata picha upande wa chini, na majina ya mboga yakawa hayaonekani. Nikapunguza dirisha ili yote yaingie. Dirisha likapungua, na juu yake ukajitokeza ule mstari mrefu wa anwani unaoonyesha faili imetoka wapi kwenye kompyuta. Ulikuwa ukutani, herufi zimekuwa kubwa kama mikate, na mwishoni mwake, kabla ya jina la ukurasa, palikuwa na neno langu.

Nilimwona Mkenya akivaa miwani. Nilimwona akisoma. Akaangalia ukuta, akamwangalia mama, akaniangalia mimi, kisha akavua miwani akaiacha ianguke kifuani. Nilishika kipanya nikataka kurudisha skrini nzima, lakini kwa haraka nikabonyeza mahali pengine, ukurasa wa kikundi ukafunguka, na sasa picha yake ya kitenge cha kijani ilikuwa ukutani, na lile neno liko juu ya kichwa chake.

Mama alikuwa anaangalia picha yake kwa furaha. Kisha macho yake yakapanda. Alijua kusoma, alijifunza Uganda, kambini.

"J-jena tai," akaniita, mwanangu, kwa Kiarabu cha hapa, akanyoosha kidole. "De shunu? Hii maneno iko nini? Mimi hapana jua hii."

Nilikuwa na majibu mengi ya ukweli nusu. Ningeweza kusema ni mambo ya kompyuta tu, Mama, usijali, na jambo lingepita. Lakini niliogopa yule Mkenya, niliogopa kwamba nikisema ni takataka ya kompyuta atacheka au atanisahihisha, na nikataka neno hilo ligeuke kuwa zuri mbele ya wote wawili kwa mara moja. Ulimi wangu ambao siku zote najivunia ukanitangulia.

"Ni mbegu, Mama," nikasema. "Ni jina la mbegu fulani ya kule Kenya. Inachelewa sana kuota, lakini ikishaota haifi. Nimewafananisha nayo."

Wanawake watatu wakaguna kwa kuridhika. Mmoja wao akamwuliza mwenzake kwa Kibari, lugha yao ya nyumbani, nikasikia neno la mbegu likirudiwa. Mkenya alikuwa anaangalia meza.

Nilionyesha kurasa zilizobaki kwa sauti ambayo sikuitambua kama yangu. Tovuti ilisema yote, kama tulivyokubaliana. Ilisema wanalima nini na lini, na ilisema mto haukauki. Ilipomaliza, Mkenya aliuliza swali moja ambalo sikuwa nimeliwekea ukurasa. Aliuliza, "Mkiniletea wiki hii, nitajuaje kwamba wiki ijayo pia mtakuja? Wengi wameniletea mara moja, kisha wakapotea."

Wanawake walimwangalia mwenyekiti wao. Mimi nikafungua mdomo nijibu kwa niaba yake, naye akaniwekea mkono begani, akasimama. Sikuwa nimemwona akisimama kusema mbele ya watu. Alifumba macho, mkono ukaanza kupiga paja, na akasema, kwa Kiswahili chake, polepole, neno moja moja, kwamba walikimbia vita wakarudi, wakalima, vita vikarudi wakakimbia tena, na waliporudi mara hiyo ya pili walianza kulima palepale. Kwamba wao hawana mahali pengine pa kupotelea. Kisha akageuka kwenye ukuta.

"Sisi iko kama hii," akasema, akinyoosha kidole kwenye neno langu. "Sisi nachelewa. Lakini hapana kufa. Sisi iko k-ki... ki-gu... ki-gu-gu-gu..."

Hilo neno ni gumu hata kwa mtu mwenye ulimi mwepesi. Lilimshika. Kila alipofika katikati lilimrudisha mwanzo, naye hakuliacha, kwa sababu alikuwa amelipenda. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. Hakuna aliyemmalizia. Mimi, niliyekuwa nammalizia kila neno tangu siku ya kwanza, hilo sikuweza. Yule Mkenya alikuwa ameinamisha kichwa kabisa, mikono imefumbatana. Na mwishowe mama akalitoa lote, zima, kwa sauti kubwa, akacheka kwa raha ya kulimaliza, na wenzake wakampigia vigelegele ndani ya kile chumba cha kiyoyozi.

Natamani niseme kwamba wakati huo nilifanya jambo fulani. Nilikunja waya wa projekta.

Walipewa jaribio la kuleta mboga, na wakatoka wakiwa wamefurahi mno. Kwenye ngazi mmoja wao alisema watalipaka lile jina la mbegu kwenye makreti yatakayokuja hotelini, kwa rangi nyekundu, ili yasichanganywe na ya wengine. Wote wakakubali. Nilikuwa nyuma yao nimebeba laptopu, na yule Mkenya akanifuata akanishika kiwiko.

"Kaka," akaniambia, kwa upole ambao uliniuma kuliko tusi, "yule mama utamwambia wewe, ama nimwambie mimi?"

Nikamwambia nitamwambia mwenyewe.

Sikulala vizuri, na asubuhi sikufungua chumba changu cha kazi. Nilipanda boda mpaka Rejaf. Njiani nilikuwa napanga maneno na kuyapangua. Nilifikiria kusema mtoto wa jirani ndiye aliyeandika. Nilifikiria kusema kompyuta huchagua majina yenyewe. Naona haya hata kuandika kwamba niliyafikiria hayo kwa dhati, nikiyapima lipi litaaminika zaidi, mpaka pikipiki inaacha lami.

Nilimkuta kwenye matuta ya jirjir, ameinama, anakata na kufunga mafungu. Aliponiona alifurahi, akataka kunitafutia kiti. Nikamwambia nitasimama. Nikamwambia, Mama, lile neno si mbegu.

Akangoja.

Ndipo nilipogundua kwamba sina namna ya kulisema. Neno lenyewe yeye mama halijui, na kwa Kiarabu cha Juba sikujua linaitwaje, na kwa Kibari ndiyo kabisa. Mimi bingwa wa insha ilibidi nimweleze kwa vipande, mbele ya uso wake, kwamba ni mtu ambaye, yaani, anapotaka kusema, maneno yanamshika, hayatoki haraka. Nilianza, nikaacha, nikaanza tena. Nilinyoosha kidole kwenye koo langu mwenyewe. Alifuatilia kidole changu, akaangalia koo langu, na nikaona anaelewa. Alikuwa na kisu mkononi na fungu la jirjir, akaviweka chini vyote viwili, akajifuta mikono.

"Hiyo jina uliniandikia kwa k-komputa yako."

"Ndiyo, Mama."

"Mbele. Kabla ya hoteli."

"Ndiyo."

Nikasema malesh, nikasema samahani, nikasema kwa kila lugha niliyokuwa nayo. Alikuwa anaangalia mto. Kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo katika maneno yangu yote ya kwenye boda.

"Ile mama ya hoteli. Yeye alijua?"

Nikasema alijua.

"Wa-wakati mimi nasimama, nasema, yeye alijua?"

"Ndiyo, Mama. Alijua."

Aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kana kwamba anahesabu kitu na hesabu inakubali. Aliposema tena hakufumba macho. Aliniangalia, na nilimsubiri mpaka mwisho.

"Hiyo ya komputa mimi nasamehe. Watoto ya shule waliniita m-mbaya kuliko hiyo. Lakini wewe ulifanya mimi nijiite. Kwa mdomo yangu. Mimi nilisimama, nikajiita, nikafurahi."

Nilitamani anitukane. Niliona machozi yananijia nikayazuia, kwa sababu hata kulia pale kungekuwa kumwomba yeye anibembeleze.

"Sasa wanawake nataka kununua rangi ya makreti," akasema. "Wewe utawaambia. Mimi hapana."

Akageuka kuelekea chini mtoni, akaweka viganja mdomoni, akawaita. Sauti yake ya kuita haikuwa na kigugumizi hata chembe. Walisimama mmoja mmoja kati ya nyanya, wakaniona, wakaanza kupanda haraka huku wakijifuta mikono kwenye vitenge na kuitana. Wa kwanza kufika alikuwa ameshika kopo safi, amelifuta mpaka linang'aa, na alininyooshea kwa mikono miwili, kwa sababu walidhani nimewaletea ile mbegu.